Princess Alice wa Hesse, mama wa bibi yake Prince Philip: alikuwa nani, na ile "laana ya damu" ni nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, niko Tanga. Babu yangu alikuwepo uwanjani Dar es Salaam usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na hadi leo hutusimulia alivyomwona Prince Philip, mume wa Malkia wa Uingereza, amesimama na Mwalimu Nyerere. Sasa juzi shemeji yangu katuambia kwamba damu ya huyo Philip ndiyo iliyotumika kutambua mifupa ya mfalme wa Urusi aliyeuawa, na kwamba ukoo wa mama yake ulikuwa na laana ya damu iliyotokea kwa bibi mmoja aitwaye Princess Alice. Huyo Alice alikuwa nani? Na hiyo laana ni nini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na babu mfikishie salamu zangu za heshima. Waliokuwepo uwanjani usiku ule wanazidi kupungua, kwa hiyo akisimulia, kaeni mumsikilize.

Shemeji yako amepatia nusu. Damu ya Philip ilitumika kweli, lakini haikutambua mifupa ya mfalme. Ilitambua mifupa ya mke wa mfalme na ya binti zake, na kwa nini ikawa hivyo nitakueleza mbele. Kuhusu laana, nitakueleza ugonjwa wenyewe na unavyopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kisha utapima mwenyewe kama neno hilo bado lina kazi. Ila kwa Alice ndipo ninapotaka tukae. Nimefundisha historia ya Ulaya miaka mingi, na mara nyingi ninapokutana na mama huyu kwenye maandishi anatajwa kama mlango tu, mlango ambao ugonjwa ulipitia kuingia Urusi. Inaniuma, kwa sababu maisha yake yote ya utu uzima aliyatumia kwenye kazi kama yako. Nadhani wewe utamwelewa kuliko wengi waliomwandika.

Kwanza tupange ukoo, maana majina yanajirudia na yanachanganya. Alice huyu unayemuuliza alikuwa mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza. Alimzaa binti, akampa jina la mama yake, Victoria. Huyo Victoria akaolewa na Louis wa Battenberg, akazaa binti, naye akampa jina la mama yake, Alice. Alice huyu wa pili ndiye aliyemzaa Philip. Kwa hiyo Philip ni kitukuu wa Alice wa kwanza, na ukitoka kwake kwenda juu unapita kwa wanawake watupu: mama, bibi mzaa mama, mama wa bibi. Mstari huo ushike, tutaurudia.

Alice alizaliwa tarehe 25 Aprili 1843 katika kasri la Buckingham, London, mtoto wa tatu kati ya tisa. Utoto wake ulikuwa wa walimu na ratiba, kama wa ndugu zake wote, wala hauna la ajabu. Kilichomgeuza ni Desemba ya 1861. Baba yake, Prince Albert, aliugua katika kasri la Windsor, na madaktari wakasema ni homa ya matumbo. Malkia alichanganyikiwa kabisa. Dada mkubwa alikuwa ameshaolewa Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani. Akabaki Alice, msichana wa miaka 18. Alikaa na mgonjwa usiku na mchana, akimsomea, akimpigia kinanda chumba cha pili nyimbo za dini alizozipenda, na baba akizungumza naye waziwazi juu ya kufa, mambo ambayo mama yake hakuweza hata kuyasikiliza. Albert alifariki tarehe 14 Desemba. Kuanzia siku hiyo Malkia hakutaka kuonana na watu, hata mawaziri, na kwa miezi kadhaa karatasi za serikali na maneno ya serikali yalipitia kwa binti huyu. Alilala chumba kimoja na mama yake ili asiwe peke yake.

Uchumba wake na Louis wa Hesse ulikuwa umeshafungwa wakati baba yu hai, na Malkia akasema ndoa ifungwe kama Albert alivyotaka. Ikafungwa tarehe 1 Julai 1862 katika chumba cha kulia chakula cha nyumba yao ya Osborne, kisiwani Wight. Miezi sita na nusu tu ilikuwa imepita tangu msiba. Juu ya madhabahu waliyoipanga pale chumbani ilining'inia picha kubwa ya familia, marehemu Albert akiwemo. Bibi harusi alivaa nyeupe kwa ibada tu. Nguo alizofungashiwa kwenda nazo kwa mume zilikuwa nyeusi. Malkia mwenyewe alimwandikia binti yake mkubwa kwamba ilifanana zaidi na mazishi kuliko harusi.

Hesse ilikuwa nchi ndogo ya Kijerumani, na makao yake yalikuwa mji wa Darmstadt. Louis alikuwa mtoto wa ndugu yake mtawala, ndiye aliyetarajiwa kurithi. Usidhani walikuwa matajiri kwa sababu ya majina. Bunge la Uingereza lilimpa Alice pauni 30,000 za kuanzia maisha na pauni 6,000 kila mwaka, lakini wakajenga nyumba mpya, Neues Palais, iliyokamilika mwaka 1866, na nyumba ile iliwameza. Barua alizomwandikia mama yake zinataja mara kwa mara kubana matumizi. Na mume? Alikuwa mtu mwema, askari, asiyependa mazungumzo marefu. Mwaka 1876 Alice alimwandikia barua ya kusikitisha, akimweleza kwamba alitamani mtu wa kuongea naye mambo mazito na hakumpata ndani ya ndoa. Hata hivyo hakuna aliyewahi kusema Louis alimtendea vibaya.

Walipata watoto saba: Victoria mwaka 1863, Elisabeth waliyemwita Ella mwaka 1864, Irene mwaka 1866, Ernst mwaka 1868, Friedrich waliyemwita Frittie mwaka 1870, Alix mwaka 1872, na Marie waliyemwita May mwaka 1874. Alipomzaa Ella, Alice akaamua kumnyonyesha mwenyewe. Kwa akina mama wa tabaka lake lile halikuwa jambo la kawaida, maana kazi hiyo ilifanywa na mama wa kuajiriwa. Malkia Victoria aliposikia alikasirika mno, na ng'ombe mmoja katika zizi la maziwa la Balmoral, kasri la Malkia huko Scotland, akapewa jina "Princess Alice". Wewe unayewahimiza akina mama kunyonyesha kila siku, hebu fikiria mama kusimangwa na mama yake mzazi kwa jambo hilo. Hakuacha.

Kisha ikaja vita ya 1866 kati ya Prussia na Austria. Hesse ilisimama na Austria. Dada yake mkubwa, Vicky, alikuwa mke wa mrithi wa kiti cha Prussia. Ndugu wa tumbo moja wakawa pande mbili za vita. Alice alikuwa na mimba kubwa, mume yuko vitani, mabinti wawili amewapeleka kwa bibi yao Uingereza, naye amebaki Darmstadt akishona bandeji na kuandaa hospitali. Mtoto alizaliwa tarehe 11 Julai vita ikiendelea, na muda si mrefu askari wa Prussia wakaingia mjini. Wakamwita mtoto Irene, neno la Kigiriki lenye maana ya amani.

Alichokiona mwaka huo hakukiacha kipite. Majeruhi walikuwa wanahudumiwa na watu wenye moyo mzuri wasiojua kazi. Alice alikuwa akiandikiana na Florence Nightingale, akimwomba ushauri, na mwaka 1867 akaanzisha chama cha wanawake cha kufundisha wauguzi, Alice-Frauenverein. Shabaha yake ilikuwa wapatikane wanawake wa kawaida waliosomea uuguzi kama kazi, wakae tayari wakati wa amani ili vita ikija wasianze na sifuri. Vita ikaja kweli, ya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1870. Treni zikashusha majeruhi Darmstadt, na wauguzi wake wakawapokea. Yeye mwenyewe alizunguka wodini kila siku akiwa na mimba tena, safari hii ya Frittie. Mpaka leo Darmstadt kuna hospitali yenye jina la Alice. Mambo haya hutajwa kwa sentensi moja, halafu waandishi wanakimbilia Urusi.

Sasa tufike kwa Frittie. Mwanzoni mwa 1873, akiwa na miaka miwili, alikatika sikio kidogo. Jeraha dogo la mtoto mtundu. Damu ilitoka siku tatu. Hapo Alice akajua, kwa kuwa alikwisha kuiona hali hiyo kwa mdogo wake Leopold, aliyekuwa akivuja damu vivyo hivyo tangu utotoni. Tarehe 29 Mei mwaka huohuo Frittie na kaka yake Ernst walikuwa wakicheza chumbani kwa mama. Ernst akakimbilia dirisha la upande wa pili, na Frittie, katika kumchungulia kaka yake, akaponyoka dirishani akaanguka chini, kama mita sita. Hakuvunjika mfupa, na mtoto mwingine huenda angepona. Kwake damu ilivujia ubongoni, na jioni akafariki. Ernst, mtoto wa miaka minne, aliulizauliza kwa nini watu hawafi wote pamoja, kwani yeye hakutaka kufa peke yake kama Frittie. Alice aliyaandika maneno hayo katika barua kwa mama yake. Kila nikifika kwenye barua hiyo huwa natulia kwanza.

Mwaka 1877 Louis alirithi utawala, na Alice akawa mama wa nchi. Alidumu mwaka mmoja na nusu.

Tarehe 5 Novemba 1878 binti mkubwa, Victoria, mwenye miaka 15, alilalamika kwamba shingo imemkaza. Wakadhani ni matubwitubwi. Ilikuwa dondakoo. Ndani ya siku chache wakafuata Alix, May, Irene, Ernst, na baba yao. Ella peke yake hakuugua, akahamishiwa kwa bibi yake mzaa baba. Wewe ugonjwa huo huenda umeusoma zaidi ya kuuona, kwa sababu chanjo yake imo kwenye kadi ya kila mtoto, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wakati ule palikuwa hapana chanjo wala dawa. Dawa ya kuzima sumu ya vijidudu vyake ilikuja miaka ya 1890. Muuguzi alichoweza ni kumpa mgonjwa mvuke avute, kumsafisha koo, na kukaa akiutazama ule utando wa kijivu ukitanda kooni. May, aliyekuwa na miaka minne, utando huo ulimziba njia ya hewa, akafariki tarehe 16 Novemba.

Wengine walikuwa bado mahututi, Alice akaona habari hiyo itawaua. Akaificha. Kwa wiki kadhaa akawa anaingia chumba hiki akitoka chumba kile, wakimuuliza May anaendeleaje, naye akijibu. Ernst alimpenda sana mdogo wake, akaomba apelekewe kitabu kama zawadi. Mwanzoni mwa Desemba, alipoona kijana amepata nguvu, Alice akamwambia. Ernst hakuamini, akainuka kitandani, akalia. Daktari alikuwa amekataza kuwagusa wagonjwa. Mama akamkumbatia, akambusu.

Siku chache baadaye Alice akaugua, na tarehe 14 Desemba 1878 asubuhi akafariki, akiwa na miaka 35. Neno lake la mwisho lililosikika lilikuwa la kumwita baba yake, na siku hiyo ilitimia miaka 17 kamili tangu baba huyo afariki. Waziri Mkuu wa Uingereza, Disraeli, alisimulia habari ya busu lile bungeni, na tangu hapo simulizi ikawa kwamba busu ndilo lililomuua. Mimi silikubali wazo hilo sana. Mtu aliyekesha zaidi ya mwezi mzima na wagonjwa sita wa dondakoo nyumba moja, akiwasafisha na kuwalisha, hahitaji busu ili aambukizwe. Unajua hatari ya wodi. Alikufa kwa kuuguza.

Vitu vya watoto vikachomwa moto kuua vijidudu, wanasesere wa Alix wakiwemo. Alix alikuwa na miaka sita. Waliomjua walisema kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kucheka, hata nyumbani wakimwita kwa jina la jua, na baada ya hapo akawa mtu wa kujifungia. Kumbuka jina lake, kwa kuwa ndiye atakayekwenda Urusi.

Sasa hiyo laana. Ugonjwa wenyewe ni himofilia, damu kutoganda inavyotakiwa. Chembe ya urithi inayohusika imo kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Mwanamke anazo X mbili, kwa hiyo yenye kasoro ikiwa moja, ile nzima kwa kawaida humtosha. Anaubeba bila kuugua. Mwanamume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Ikiwa na kasoro, hana akiba. Mama mbebaji, kila mimba ya mtoto wa kiume ina nusu kwa nusu ya kuzaliwa mgonjwa, na kila mimba ya mtoto wa kike ina nusu kwa nusu ya kuzaliwa mbebaji. Malkia Victoria hakuwa na ndugu wa nyuma aliyejulikana kuwa nao, na wataalamu wengi huona kwamba kasoro ilianza kwake, labda katika mbegu za baba yake, aliyemzaa akiwa na miaka 51. Katika watoto tisa wa Victoria, Leopold alikuwa mgonjwa, na Alice na Beatrice walikuwa wabebaji.

Kwa watoto wa Alice hesabu ilikwenda hivi. Wavulana wawili: Frittie alikuwa nao, Ernst hakuwa nao. Mabinti watano: Irene na Alix walikuwa wabebaji, kizazi cha Victoria hakikuonyesha dalili, Ella hakuzaa, May alikufa mdogo. Irene aliolewa Prussia na binamu yake Heinrich, akapata wavulana watatu, wawili wakiwa wagonjwa. Mmoja alikufa Februari 1904 akiwa na miaka minne, baada ya kuanguka nyumbani. Mwingine, Waldemar, aliishi hadi 1945, akafariki siku za mwisho za vita kwa kukosa damu ya kuongezewa. Alix alimfariji dada yake katika msiba ule wa 1904, na yeye mwenyewe akiwa mjamzito. Agosti mwaka huohuo akajifungua Alexei, mrithi aliyesubiriwa miaka kumi baada ya mabinti wanne. Wiki chache baadaye kitovu cha mtoto kikaanza kutoa damu.

Alix huyu ndiye Alexandra, mke wa Nicholas II, Tsar, yaani mfalme, wa Urusi. Habari ya Rasputin, yule mtu wa dini aliyeingia ikulu kwa sababu ya kuonekana anamtuliza Alexei, umeisikia, sitairudia. Nitasema hili tu: mama yule alishampoteza kaka yake, mjomba wake na mtoto wa dada yake kwa njia hiyohiyo, na hakuna daktari aliyekuwa na cha kumpa. Leo mtoto kama Alexei huchomwa sindano ya protini ya kugandisha damu inayoitwa faktari 9. Tunajua ni hiyo kwa sababu mwaka 2009 wanasayansi walipima mifupa ya familia ile wakaikuta kasoro yenyewe: himofilia aina ya B. Kitu kinachopimwa maabara, kinachopita kwa hesabu ya nusu kwa nusu, na kinachotibika kwa sindano, mimi nashindwa kukiita laana.

Wanaoshikilia laana hupenda tarehe. Alice na baba yake, wote 14 Desemba. May tarehe 16 Novemba 1878, kisha tarehe 16 Novemba 1937 ndege ikaanguka karibu na Ostend, Ubelgiji, ikaua mjane wa Ernst, mtoto wake mkubwa, mkwewe na wajukuu wawili wakienda harusini. Mkwe huyo alikuwa dada yake Philip. Ni majonzi makubwa, sikatai. Lakini tarehe 14 Desemba hiyohiyo, mwaka 1895, alizaliwa George wa Sita, baba yake Malkia Elizabeth, yaani mkwe wa Philip. Tarehe ile iliua na ilizaa, kama tarehe nyingine zote.

Turudi kwenye mifupa na ule mstari nilioomba uushike. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, Nicholas, Alexandra, watoto wao watano, daktari wao na watumishi watatu waliuawa kwa risasi katika nyumba moja mjini Yekaterinburg. Mwaka 1991 mifupa ya watu tisa ilifukuliwa nje ya mji huo. Ndani ya seli zetu mna vinyuzi vya DNA vilivyo nje ya kiini, kwenye mitokondria, yaani vijumba vidogo vinavyoipa seli nguvu, navyo kila mtu huvirithi kwa mama peke yake. Baba hachangii kitu. Kwa hiyo vinakwenda kwa mama, kwa bibi mzaa mama, kwa mama wa bibi, bila kuchanganyika. Alexandra alivipata kwa Alice, akawapa watoto wake. Victoria dada yake alivipata kwa Alice, akampa Alice wa pili, naye akampa Philip. Mwaka 1993 Philip alitoa damu, wataalamu wa Uingereza wakailinganisha na mifupa: mama mmoja na mabinti watatu wakalingana naye sawasawa. Nicholas hakuwa kwenye mstari huo. Alikuwa binamu wa baba yake Philip, lakini undugu wa upande ule haupimwi kwa mitokondria ya Philip. Yeye alitambuliwa kwa ndugu wa ukoo wa mama yake mwenyewe, na baadaye kwa mifupa ya kaka yake Georgi iliyofukuliwa kwa ajili hiyo. Alexei na dada yake mmoja hawakuwemo kwenye lile shimo. Mifupa yao ilipatikana mwaka 2007.

Na kama babu atauliza iwapo Philip naye aliubeba ugonjwa ule: hapana. Mwanamume mwenye chembe hiyo huugua, hawezi kuibeba kimya. Philip aliishi miaka 99.

Kuna kitu kingine kilichopita kwenye mstari huo, ambacho maabara haikipimi. Ella, aliyenusurika dondakoo, aliolewa Urusi na Sergei, baba mdogo wa Nicholas. Mwaka 1905 mumewe alirushiwa bomu akafa. Ella akauza vito vyake, na mwaka 1909 akafungua nyumba ya watawa wauguzi yenye hospitali na zahanati ya maskini. Aliuawa siku moja baada ya mdogo wake, akatupwa hai katika shimo la mgodi karibu na Alapayevsk pamoja na wengine. Waumini wa Orthodoksi husimulia kwamba humo shimoni, kabla hajafa, alimfunga jeraha mwenzake kwa kitambaa chake cha kichwani. Alix naye, huyo anayesemwa vibaya na kila mtu, vita ilipoanza 1914 alisomea uuguzi yeye na mabinti zake wawili wakubwa, akasimama chumba cha upasuaji akipokea viungo vilivyokatwa. Na Alice wa pili, mama yake Philip, aliyezaliwa kiziwi, alihudumu hospitali za mstari wa mbele katika vita ya Balkani ya 1912. Katika vita kuu ya pili, Athens ikiwa mikononi mwa Wajerumani, alimficha mama wa Kiyahudi na watoto wake nyumbani kwake. Walipokuja kumhoji, alijifanya haelewi wanachosema kwa sababu ya uziwi wake. Baadaye akaanzisha shirika la watawa wauguzi kama mama yake mdogo Ella, na aliomba azikwe karibu naye. Wote wawili sasa wamo katika kanisa moja la Mtakatifu Maria Magdalena, Mlima wa Mizeituni, Yerusalemu.

Kwa hiyo babu akianza tena habari za usiku ule wa Desemba 1961, mwambie kwamba mama wa yule mgeni aliyemwona uwanjani alikuwa bado hai, bibi wa miaka 76 anayeishi Ugiriki, anayevaa vazi la kijivu la kitawa, na jina lake Alice.